Ukungu wa Chyulu Ndio Maji ya Mombasa

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya bahari, sauti mbili husikika katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa. Ya kwanza ni sauti ya mwadhini. Ya pili ni kishindo cha magurudumu ya mkokoteni yakikwaruza njia, na mtu akiita, "Maji! Maji!" Huyo ni hamali wa maji. Mitungi yake, kila mmoja wa lita 20, imepangwa safu juu ya safu, naye huinama mbele kama ng'ombe wa jembe akiivuta kutoka mtaa hata mtaa, Kibokoni, Kuze na kwingineko, mpaka wote imekwisha.

Mimi ni karani wa Serikali, nami nimepanga chumba Kibokoni katika nyumba ya bibi mmoja mtu mzima, ambaye sisi wapangaji wake wote humwita Bi Mkubwa. Siku moja ya mwezi wa Februari, mfereji wa uani ulipokuwa mkavu kwa siku ya tisa, na bei ya mtungi mmoja imepanda mara mbili, nilimkuta ameketi barazani akihesabu sarafu za kumlipa hamali.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma, na kalamu ya Serikali i mkononi mwako. Hebu niambie, maji haya yatoka wapi, hata ikawa leo yaja na kesho hayaji?"

"Yatoka Mzima, Bi Mkubwa, huko Tsavo."

"Na hapo Mzima yafika kutoka wapi?"

Msomaji mpendwa, sikuwa na jibu. Nimekunywa maji hayo, nimeoga, nimetawadhia wino vidole vyangu kwayo, wala sikupata kujiuliza siku moja asili yake. Niliona haya. Basi nilipopewa likizo yangu ya mwaka, badala ya kwenda kukaa nyumbani tu, nikaazimu kulifuata jibu hilo mpaka kwenye chimbuko lake. Niliyoyaona ndiyo nitakayowaeleza.

VISIMA VYA WAZEE WETU

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi kisiwa hiki kilivyopata maji zamani. Mombasa ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, kimezungukwa na bahari pande zote. Hakuna mto upitao ndani yake. Wazee wetu walichimba visima. Msikiti wa Mandhry, ambao ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya mji huu, una kisima chake karibu nao. Wareno nao, walipoijenga Ngome ya Yesu kati ya mwaka 1593 na 1596, hapana budi walifikiri habari ya maji kabla ya mizinga, maana ngome isiyo na maji huanguka bila ya kupigwa.

Walakini visima vya kisiwa vina dosari moja. Maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya katika matumbawe. Ukiteka kwa kiasi, hupata maji ya kufaa. Ukiteka kwa pupa, bahari hupanda, na kisima hugeuka kuwa cha chumvi. Ndiyo sababu hata leo nyumba nyingi za Mji wa Kale hutumia maji ya kisima kwa kufulia na kusafishia, wala si kwa kunywa.

Reli ilipofika na bandari ya Kilindini ilipokua, visima havikutosha tena. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, maji yaliletwa kwa bomba kutoka chemchemi za Marere, katika Milima ya Shimba, ile ambayo mtu akisimama Likoni siku isiyo na mawingu huiona kule kusini-magharibi. Mji ukazidi kukua. Katika miaka ya 1950 likalazwa bomba kubwa kutoka Mzima, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na maji yake huteremka kwa uzito wake yenyewe kutoka nyika ya Tsavo hata pwani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Hao wote hawawezi kunywa kutoka kisima cha msikiti.

SAFARI YA KWENDA MLIMANI

Nilipanda gari moshi asubuhi katika stesheni ya Miritini. Tulipopita Mariakani minazi ikaanza kupungua. Tulipofika Mackinnon Road tulikuwa tumekwisha ingia nyika kavu, nchi ya udongo mwekundu, miiba na mibuyu. Joto lilikuwa kali, na ndovu niliowaona dirishani walikuwa wekundu kwa vumbi. Nilishuka Kibwezi, katika nchi ya Wakamba, nikageuza uso wangu upande wa kusini-magharibi.

Hapo ndipo nilipoiona milima ya Chyulu kwa mara ya kwanza. Si mlima mmoja uliosimama peke yake kama Kilimanjaro. Ni safu ndefu ya vilima vya mviringo, kilima nyuma ya kilima, mamia kwa mamia, kama nundu za ngamia waliolala, nayo yaenea kwa urefu wa kilomita zipatazo 100. Kilele chake cha juu hukaribia mita 2,200 juu ya bahari. Chini yake nchi ilikuwa ya rangi ya ngozi kavu, lakini juu yake palikuwa na kilemba cha wingu jeupe, ambacho hakikusogea wala kutawanyika ijapokuwa jua lilikuwa utosini.

Milima hii ni mitoto kwa kulinganishwa na milima mingine. Wataalamu wa mawe wasema ya kuwa moto wa chini ya ardhi ulianza kuijenga yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, na ya kuwa upande wa kusini ndio mdogo kuliko wote. Huko kusini pana mto wa mawe meusi yaliyotoka ardhini yakiwa yameyeyuka, ambayo hapo pangali pachi hata leo, maana hayakupata bado udongo wa kuotesha miti. Watu wa nchi waliuita Shetani. Mawe ya namna hiyo, yaitwayo zaha, ndiyo pia yaliyoacha mapango marefu chini ya milima; pango moja, liitwalo Leviathan, lina urefu wa zaidi ya kilomita 11.

Tulipanda asubuhi ya pili, mimi na askari wa hifadhi aliyekuwa kiongozi wangu, mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Tuliondoka gizani. Kulipopambazuka, hapakupambazuka kwa kweli, kwa kuwa ukungu ulikuwa mnene hata sikuuona mgongo wake hatua kumi mbele yangu. Nyasi zilifika kiunoni. Hapakuwa na mvua hata tone moja. Walakini kabla ya saa moja kupita suruali yangu ilikuwa imelowa chepe, na maji yalikuwa yakichuruzika ndani ya viatu.

"Mbona nimelowa, na mvua hainyeshi?" nikamwuliza.

"Yanyesha, Bwana," akajibu. "Lakini hapa mvua haianguki. Hapa yakaa, nawe wapita ndani yake."

MSITU UNAOKAMUA MAWINGU

Tukaingia msituni. Kwa mtu aliyezoea mikoko na minazi, mahali hapo ni ulimwengu mwingine. Miti ni mirefu, na mashina yake yamevikwa kijani hata gome halionekani. Matawini mmening'inia vitu kama ndevu za kijivu. Juu ya matawi hayo hayo yamemea maua ya okidi, ambayo mizizi yake haikugusa ardhi kamwe, bali hunywa hewa yenye unyevu. Pana mizeituni ya mwitu, pana mikuyu, na pana hata mti wa miraa ambao haukupandwa na mtu, umekua mrefu msituni, si kijiti cha shambani kama tuujuavyo.

Nilisimama nikasikiliza. Po! po! po! Msitu mzima ulikuwa ukidondoka. Kila jani lilikuwa na tone kwenye ncha yake, na kila tone likaanguka, na mara jingine likashika mahali pake. Hapo nikafahamu kazi ya msitu wa ukungu. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukipita juu ya nyika kavu, hauwapi watu wa huko kitu, kwa sababu nchi ni ya joto na ya chini. Ufikapo Chyulu hulazimishwa kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa unyevu wake hugeuka kuwa wingu. Nayo majani, magamba na ndevu za miti hulikamata wingu hilo, hulikamua, hulidondosha chini. Mahali pasipo na mti, sehemu kubwa ya ukungu hujipitia tu, ukaenda zake.

Tazameni jambo hili, enyi wenzangu wa pwani. Pepo hizo ndizo zile zile ambazo wazee wetu walizihesabu kwa majina, kaskazi na kusi, zikawaletea majahazi bandarini. Unyevu huo umetoka katika bahari ile ile tunayoitazama kutoka Ngome ya Yesu. Maji yetu hutuaga hapa kwetu, hupanda mlimani kwa upepo, kisha hurudi kwetu kwa bomba.

Katika msitu huo na mbuga zake za majani huishi wanyama wengi. Nyati nilimsikia bila ya kumwona, akivunja vijiti ndani ya ukungu, na kiongozi wangu akanishika mkono, tukasimama kimya mpaka alipokwenda. Pana ndovu, chui, mbawala na pofu; pana vifaru weusi wachache, ambao hujificha katika mawe ya zaha na kulindwa mchana na usiku; pana chatu na vifutu, ambao nilipewa onyo juu yao kabla ya kila hatua. Kwa upande wa ndege, nilimwona shorobo akiruka kutoka mti hata mti, na mbawa zake zikafunuka nyekundu kama kanga ya arusi. Baadhi ya ndege wa Chyulu wana umbo lao la pekee, mbali na ndugu zao wa milima mingine, kwa kuwa wametengwa huko juu, na nyika yenye joto imewazunguka kama bahari ilivyokizunguka kisiwa chetu. Serikali iliufanya upande wa mashariki wa milima hii kuwa Mbuga ya Taifa mwaka 1983.

MLIMA USIO NA KIJITO

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Tulitembea kutwa nzima katika unyevu ule, wala hatukuvuka kijito hata kimoja. Hapana mto juu ya Chyulu. Hapana ziwa. Kiongozi wangu alichukua maji yake ya kunywa mgongoni kama mtu aendaye jangwani.

Nilipomwuliza sababu yake, alifungua chupa yake akamwaga maji kidogo katika udongo mweusi. Yalitoweka kabla sijakunja kidole. Udongo ule ni majivu ya moto wa zamani, na chini yake mna mawe yenye matundu kama mkate wa mofa. Mvua na ukungu vyote huzama humo. Maji hushuka chini na chini mpaka yakutane na miamba ya kale isiyopenyeka. Hapo hugeuka, hufuata mteremko gizani, kisha huchomoza miguuni pa milima, mahali ambapo zaha imekomea. Chemchemi za Umani karibu na Kibwezi ni mojawapo ya milango hiyo. Mlango mkubwa kuliko yote ni Mzima, umbali wa kilomita zipatazo 50.

Nilikwenda Mzima siku ya tatu. Kwa masikio ya Mswahili jina hilo lataja uhai, nalo lafaa. Katikati ya nchi ya mawe meusi na miiba, maji hutoka chini ya ardhi bila ya kelele, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, nayo ni maangavu hata niliwaona samaki kama waliotundikwa hewani, na kiboko akitembea polepole chini ya maji kama mzee aendaye sokoni. Mamba walikuwa wamelala ukingoni. Kando ya vidimbwi vimeota mikuyu na mikindu. Bomba la Mombasa huchukua sehemu ndogo tu ya maji hayo, nayo huchukuliwa chini ya mawe kabla hayajachomoza, ili vidimbwi vya viboko visiharibike. Yaliyobaki huingia Mto Tsavo, ambao hukutana na Athi ukawa Galana, na Galana ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Kwa kuwa sehemu nyingine ya maji ya Mombasa hupigwa kwa pampu kutoka Baricho, penye Sabaki, twaweza kusema ya kuwa milima hii hutunywesha kwa mikono miwili.

GUNIA LA MAKAA

Lingekuwa jambo jema kumaliza makala hapa; lakini sikuyaeleza yote niliyoyaona. Tuliposhuka upande wa Kibwezi tulipita mahali ambapo msitu ulikuwa umekwisha. Palikuwa na visiki, na katikati yao doa jeusi la mviringo, pana kama chumba changu. Nikadhani ni majivu ya milima, nikainama kuyatazama. Kiongozi wangu akatikisa kichwa. "Hapo palichomwa makaa," akasema. Na juu zaidi alinionyesha kilima kizima kilichoteketezwa na moto wa kiangazi, ukungu ukipita juu yake bila ya kuacha tone.

Nilirudi Mombasa na hasira moyoni juu ya watu wachomao makaa. Jioni hiyo Bi Mkubwa alikuwa akipika jikoni, na gunia lililosimama karibu na mlango lilikuwa jipya. Nikamwuliza mwenye kuuza makaa, ambaye duka lake ni kichochoro cha pili, bidhaa yake hutoka wapi. Akajibu bila ya kusita, "Bara. Mengine Kwale, mengine Taita. Hili la jana limetoka pande za Kibwezi."

Hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Wali nilioula mwaka mzima umepikwa kwa miti hiyo.

Asubuhi yake nikamngoja hamali wa maji. Kumbe yeye ni Mkamba, na kwao ni chini ya milima hiyo hiyo. Nilipomweleza safari yangu alitua mikono ya mkokoteni akacheka kwa furaha. "Umeiona milima yetu, karani!" Lakini nilipotaja makaa akanyamaza. Kisha akasema, "Ndugu yangu huchoma. Mvua ilikataa misimu miwili, mbuzi wakafa, na ada ya shule haingoji mvua. Mimi nilikataa kuchoma, ndiyo nikaja huku kuvuta maji. Huyu na huyu, sote twauza mlima ule ule. Mimi nauuza kwa mtungi, yeye kwa gunia."

Sikupata neno la kumjibu, na mpaka leo sijapata lililo bora kuliko lake. Ni kweli ya kuwa askari wa hifadhi hulinda, na ya kuwa Wamaasai wenye ardhi ya upande wa magharibi, pamoja na idara za Serikali na mashirika, wameungana kuitunza misitu hiyo ili mwenye kuiacha ikiwa hai apate naye riziki. Lakini ulinzi wa askari hautoshi ikiwa sisi tulio mbali twanunua kila kinacholetwa.

Basi nawapa wasomaji mambo matatu, nami nimeanza nayo mwenyewe. Kwanza, tupunguze makaa: mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi anunue, na asiye nao atumie jiko la udongo linalotunza moto, ambalo hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Pili, tuyakinge maji ya mvua. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina mapaa makubwa, na wakati wa masika maji mengi hutiririka kutoka mapaa hayo yakaingia baharini, nasi twasimama tukimngoja hamali. Tatu, tuwafundishe watoto asili ya mfereji. Mtoto wa Mombasa ajue jina la Chyulu kama ajuavyo jina la Kilindini.

Nilipomweleza Bi Mkubwa yote haya, alisikiliza mpaka mwisho, kidole shavuni. Kisha akanitaka nimwambie tena ile habari ya upepo: ya kuwa maji huondoka hapa kwetu baharini, hupanda mlimani, hukamatwa na majani, na kurudi.

"Basi si mageni," akasema. "Ni yetu, yalikwenda kutembea tu. Na sisi twayachomea nyumba walikofikia."

Akanyanyuka, akalifunga gunia la makaa kwa kamba, akaniagiza nimtafutie jiko la udongo. Gunia hilo limechukua miezi mitatu. Zamani lisingemaliza hata mwezi mmoja na nusu.